Mzee Anapokoroma Halafu Ananyamaza



Juma hili tunasema juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analisikia usiku, lakini mchana hakuna anayelitaja isipokuwa kwa mzaha. Ni kukoroma kwa wazee wetu. Mtoto akimwiga koko wake anavyokoroma, nyumba nzima inacheka, na koko mwenyewe anacheka pamoja nao. Hakuna ubaya. Lakini kuna kukoroma kwingine ambako si kwa kuchekwa. Na alama yake si kelele kubwa. Alama yake ni ukimya unaoingia katikati ya kelele.

Mzee anakoroma, anakoroma, kisha ghafla kimya. Ukimtazama wakati huo unaona kifua na tumbo vinahangaika, lakini hewa haipiti puani wala mdomoni. Kimya kinaendelea. Halafu anashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini, anageuka kidogo, na kukoroma kunaanza tena. Baada ya dakika chache, kimya kingine. Asubuhi ukimuuliza, atakuambia alilala vizuri. Hasemi uongo. Kweli hakumbuki.

Waganga wanaita ugonjwa huu apnea ya usingizi, maana yake pumzi kukatika mtu akiwa amelala. Njia ya hewa kooni ni laini, haina mfupa wa kuishika wazi. Mchana misuli inaizuia isianguke. Usiku misuli yote inalegea, na kwa mtu mzee inalegea zaidi, hata ulimi unarudi nyuma. Njia ikiwa nyembamba, hewa inapita kwa shida na kutoa sauti: huko ndiko kukoroma. Ikiziba kabisa, hakuna sauti. Oksijeni ndani ya damu inashuka, ubongo unaona hatari na kumwamsha mtu nusu nusu ili koo lifunguke. Moyo unapiga mbio na tansio inapanda. Kisha analala tena, na mambo yanarudia.

Waganga wanahesabu pumzi imekatika ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi. Ikikatika mara 5 au zaidi katika saa moja, wanaanza kusema huu ni ugonjwa. Kuanzia mara 15 wanasema ni wa kadiri, na kuanzia mara 30 wanasema ni mkali. Fikirini hesabu hiyo: mara 30 kwa saa ni sawa na kumtikisa mzee kila baada ya dakika mbili, usiku mzima, kila siku ya mwaka. Nani angeamka na nguvu?

Wengine watasema huo ni ugonjwa wa Wazungu, au wa matajiri wanene. Sivyo. Mwaka 2019 watafiti walikadiria katika jarida la Lancet la magonjwa ya kupumua kwamba karibu watu bilioni 1 duniani, wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu. Na hapa Afrika, nchini Benin, watafiti waliwapima watu usingizini katika mji wa Cotonou na katika kijiji cha Tanvè, wakatoa majibu mwaka 2022. Waliukuta ugonjwa mjini na kijijini. Unene unauongeza sana, ni kweli, lakini uzee peke yake unatosha kulegeza koo. Mzee mwembamba aliyelima maisha yake yote anaweza kuwa nao.

Sasa tuje kwetu. Hapa Bule kila mtu analala vibaya, na kila mtu anajua sababu. Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Februari 2022 kambi ya Plaine Savo ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 waliuawa. Wapo kati yetu ambao tangu usiku huo hawalali bila kusikiliza nje. Kwa hiyo mzee akisema amechoka, jibu liko tayari mdomoni: ni vita. Akisahau majina, ni uzee. Akisinzia kanisani, ni uzee na vita. Majibu hayo mawili yamekuwa kama kifuniko cha chungu: hakuna anayekiinua kuona ndani kuna nini. Lakini si kila usingizi mbaya ni wa vita. Mwingine ni ugonjwa wa koo, na una alama zake.

Namna ya kuanza kutofautisha ni hii. Mtu mwenye woga hapati usingizi, au anaamka na kujua kilichomwamsha: mlio, ndoto, mawazo ya watoto. Mchana hata ukimpa nafasi ya kulala, macho yanakataa. Lakini mwenye apnea mara nyingi usingizi anaupata upesi mno. Anasinzia akiketi, anasinzia akichambua maharagi, anasinzia kijiko kikiwa mkononi. Anaona amelala usiku kucha na bado hana nguvu. Wapo pia wenye vyote viwili, woga na ugonjwa. Hao ndio wanaosahaulika zaidi, kwa sababu jibu la kwanza lilionekana kutosha.

Kwa wazee kuna alama nyingine ambazo hazifanani na mambo ya usingizi hata kidogo. Moja ni kwenda kukojoa usiku mara tatu, mara nne. Pumzi inapokatika, moyo unavutwa na kupanuka, unadanganyika kama kwamba mwili umejaa maji, na unaagiza mafigo yayatoe. Kwetu jambo hilo si dogo. Mzee anayetoka mara nne gizani kwenda chooni kambini, kwa miguu isiyo na nguvu, anajitia hatarini mara nne. Kuna kichwa kinachouma asubuhi na kutulia baadaye. Kuna mdomo mkavu wakati wa kuamka. Kuna kusahau, hasira za haraka, na kuanguka. Na kuna tansio isiyokubali kushuka hata kama mzee anameza vidonge vyake sawasawa kila siku.

Kuna alama nyingine tunaitaja kwa uangalifu. Mzee anaamka akihema, ameshika shingo, anasema kuna mtu alikuwa anamnyonga. Nyumba inatetemeka. Asubuhi watu wanaanza kutafuta jina la mchawi, na tunajua jina hilo huwa ni la nani: mjane fulani mzee asiye na mtu wa kumtetea. Wamama, kabla ya kutafuta jina la mtu, tuliza kwanza kama mzee huyo anakoroma. Kunyongwa kunakotoka ndani ya koo hakuna mchawi.

Na wamama wenyewe je? Tusidhani ni ugonjwa wa wababa tu. Wababa wanaupata zaidi, lakini mama akishaacha kuona siku zake, hatari yake inapanda. Tena kwa mwanamke ugonjwa huu unajificha. Huenda hakoromi sana. Analalamika uchovu, usingizi unaokatika, kichwa, huzuni. Anapewa dawa ya malaria, kisha dawa ya minyoo, kisha anaambiwa ana mawazo mengi. Mbaya zaidi, mjane analala peke yake. Mumewe ndiye aliyekuwa akimsikia, na mumewe hayupo. Pumzi yake inakatika na hakuna shahidi.

Hilo neno, shahidi, ndilo tunalotaka mlibebe kutoka hapa. Katika miji mikubwa mgonjwa analazwa usiku mmoja katika chumba chenye mashine, wanamfunga nyaya kichwani, kifuani na kidoleni, na mashine inahesabu. Hapa kwetu mashine hiyo haipo. Lakini kabla ya mashine kuna maswali, na maswali hayo yanajibiwa na mtu anayelala karibu na mgonjwa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hajui. Katika nyumba zetu na katika vibanda vya turubai, ambapo ukuta ni unene wa plastiki, nani anayejua pumzi za wazee kuliko sisi?

Maswali yanayotumika sana yalitengenezwa Toronto, Kanada, na daktari wa nusukaputi Frances Chung na wenzake, yakatangazwa mwaka 2008. Alikuwa anatafuta njia rahisi ya kuwatambua wagonjwa hao kabla ya kupasuliwa. Yako manane. Je, anakoroma kwa nguvu hata kusikika nje ya mlango uliofungwa? Je, mchana anachoka na kusinzia? Je, kuna aliyemwona pumzi zikikatika? Je, ana tansio ya juu au anatumia dawa yake? Je, ni mnene sana? Je, amepita miaka 50? Je, shingo yake inazidi sentimita 40, ukipima na futi ya fundi wa nguo? Je, ni mwanaume? Ndiyo mbili au chini yake, hatari ni ndogo. Tatu au nne, ni ya katikati. Tano na kuendelea, hatari ni kubwa.

Angalieni lakini. Maswali haya hayasemi mtu ni mgonjwa, yanasema tu nani aangaliwe. Baba mzee mwenye tansio anapata ndiyo tatu kabla hata hujasikiliza usingizi wake. Tena kamati ya wataalamu wa kinga nchini Marekani ilisema mwaka 2022 kwamba bado hakuna uthibitisho wa kutosha wa kushauri au kukataza kuwapima watu wazima wote wasio na dalili. Basi hatuwaambii mpange wazee wote foleni. Tunasema: yule mwenye alama asikilizwe, na kinachosikika kifikishwe kwa muganga.

Namna ya kusikiliza ni hii. Kwanza mwambie mzee, umwombe ruhusa. Ni mtu mzima, na usingizi wake ni siri yake. Mkamwana hawezi kukaa kumtazama baba mkwe akilala. Heshima yetu haikubali, na si lazima. Mjukuu aliye mkubwa kidogo anaweza kufanya kazi hiyo vizuri. Asikilize usingizi ukishakuwa mzito. Pumzi ikikatika, ahesabu polepole: moja, mbili, tatu, mpaka irudi. Ikifika kumi, aweke punje moja ya hindi katika kikombe. Afanye hivyo kwa saa moja, usiku mbili au tatu. Kama kuna simu yenye moto, anaweza kurekodi sauti kwa dakika chache. Kwa mjane anayelala peke yake, mjukuu au mama wa kundi lenu la likelemba amwombe alale naye usiku mmoja. Katika kambi jirani wa ukuta wa pili anasikia kila kitu. Aulizwe tu kwa upole.

Asubuhi hesabuni punje, na mzee apelekwe kituo cha afya na maneno haya: "Muganga, pumzi yake inakatika usiku, tumehesabu mara kadhaa kwa saa." Msiseme tu "amechoka." Neno "amechoka" kila mgonjwa analisema, na foleni ni ndefu. Ombeni apimwe tansio, sukari, na uzito, na shingo iangaliwe kama ana rovu au koo limevimba. Vituo vingine vina kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni. Ni kizuri, lakini mjue jambo moja: mzee akipimwa mchana akiwa macho, kinaweza kuonyesha kila kitu ni sawa, kwa sababu koo lake liko wazi. Namba inashuka usiku. Kama muganga anaweza kumlaza na kumwangalia na kifaa hicho usingizini, hapo ndipo kitasema kweli.

Kuna mambo mawili ambayo shurti muganga ayajue hata kama hakuna mashine wala kifaa, kwa sababu yanaweza kuokoa maisha juma hili hili.

La kwanza ni dawa ya usingizi. Tangu mambo yaliyotupata, watu wengi wananunua vidonge vya kulala na vya kutuliza moyo katika vifarmasi, bila karatasi ya muganga. Tunaelewa kwa nini. Lakini dawa hizo zinalegeza koo na zinachelewesha ubongo kushtuka. Kwa mwenye apnea, kushtuka ndiko kunakomrudishia pumzi. Pombe ya jioni inafanya kazi ile ile, hasa zile kali za kienyeji. Mzee akikoroma na kunyamaza, asipewe kidonge cha usingizi kabla muganga hajasikia habari hiyo.

La pili ni kupasuliwa. Mzee akienda kupasuliwa ngiri, au mama akipelekwa kwenye chumba cha upasuaji kwa sababu yoyote, mwambieni anayemlaza usingizi: huyu pumzi yake hukatika usiku. Neno hilo moja linabadilisha namna watakavyomlaza na namna watakavyomlinda akiamka. Daktari Chung alitengeneza maswali yake kwa sababu hiyo.

Mtauliza, dawa yake ni nini? Tuseme ukweli. Dawa kubwa ni mashine ndogo inayosukuma hewa puani kupitia kifuniko cha uso ili koo lisianguke. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, wakaitangaza mwaka 1981. Inatumia umeme usiku wote na bei yake ni kubwa. Kwa nyumba nyingi za Bule haitafika kesho. Anayeweza kufika Bunia, au ana mtoto aliye Kampala au mbali zaidi, aulize huko. Barabara ikiwa salama na pesa ikiwepo, safari hiyo ina maana kwa mwenye ugonjwa mkali.

Lakini kati ya mashine na kukaa bure kuna mambo mengi. Kwa watu wengi pumzi hukatika zaidi wakilala chali, kwa sababu ulimi unaanguka nyuma. Basi mzee alale ubavu. Chukua mpira wa matambara kama ule wanaochezea watoto, ushone mfuko mgongoni mwa shati lake la kulalia, uutie humo. Akigeuka chali, mpira utamkataza. Kichwa na mabega viinuliwe kidogo kwa mablanketi yaliyokunjwa. Pombe isinywewe saa za karibu na kulala. Aliye mnene apunguze uzito taratibu, bila kumnyima chakula mzee aliye mwembamba tayari. Dawa ya tansio isikatizwe. Jiko la moshi lisilale linawaka karibu naye, maana pua iliyoziba inaongeza shida. Na wekeni ndoo yenye kifuniko ndani, ili asitoke nje gizani kila mara.

Mzee anayesinzia hivyo asiachiwe chungu motoni peke yake wala mtoto mchanga mgongoni, na mwenye kuendesha piki asimame kwanza mpaka aangaliwe. Hayo msiyafanye kama adhabu. Mwambieni sababu. Wazee wengi wamebeba jina la uvivu kwa miaka, wakati usiku walikuwa wakifanya kazi nzito kuliko ya shamba: kupigania hewa.

Kwa sisi tuliowahi kujificha porini, kukoroma kuna kumbukumbu nyingine. Tunajua namna mzee alivyozibwa mdomo ili sauti yake isitutoe. Tunajua wapo wazee ambao tangu siku hizo wanaogopa kulala karibu na wengine, wanajitenga, wanaomba kibanda cha pembeni. Wanadhani wanatufanyia wema. Tuwaambie warudi karibu. Sauti ile ambayo zamani ilitutia hofu, leo ndiyo inayotuambia kwamba wanapumua, na aliye mbali hatasikika ikikatika.

Basi katika mkutano wa juma hili, kila kundi lifanye mambo matatu. Hesabuni wajane na wazee wanaolala peke yao, mjue nani atawasikiliza. Pangeni zamu ya kuwasindikiza kituoni wale wenye alama. Na mama mmoja aende kwa mkuu wa kituo na kwa mareko wa kijiji chake, awaombe waongeze swali moja kila wanapompima mzee tansio: "Nani analala karibu nawe, na anasikia nini?"

Mlale salama, na mzee alale ubavu.